Mwaka mpya: Jifunze kukimbia bila kufukuzwa

Na Mwandishi Wetu, Kigali

KILA mwaka unapoanza, barabara za Nyamirambo hujaa wakimbiaji wapya. Wapo vijana, wapo kina mama waliojifunga kitenge juu ya suruali, na wapo watu wa makamo kama mimi, wamevaa fulana kuukuu na raba walizonunua juzi. Ukipita saa 11 na nusu alfajiri ya tarehe 2 Januari utadhani mji mzima umeamua kuwa wanariadha. Rudi pale pale tarehe 20. Utamkuta muuza maziwa na wale kina mama wanaofagia barabara, basi.

Nawajua wakimbiaji hao wa siku tatu kwa sababu nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka 2023 nilikimbia siku mbili. Mwaka 2024 nilikimbia siku moja, nikachechemea siku nne. Januari 2025 nilianza tena, na safari hiyo sikuacha. Sikuwa na nguvu zaidi wala umri haukurudi nyuma. Kilichobadilika ni jambo moja dogo, na kwa kuwa Januari haikawii kurudi, nimeona nikueleze, ndugu msomaji, hasa wewe unayeishi kwa kuvuka mpaka na wewe uliyerudi nyumbani baada ya miaka ya ugenini.

Kazi ya mpakani ni kazi ya kukaa

Mimi ni mtu wa duka. Nauza mchele unaotoka Kahama kupitia Rusumo, na makala naandika nafasi inapopatikana. Wengi hudhani biashara ya mpakani ni kazi ya mwendo. Ukiihesabu vizuri utaona ni kazi ya kukaa. Unakaa kwenye gari kutoka Kigali hadi Rusumo. Unakaa kwenye benchi ukingoja karatasi za forodha. Unakaa tena hadi Kahama, na ukirudi unakaa dukani. Njiani chakula ni chipsi mayai na soda, kwa sababu ndivyo vinavyopatikana gari likisimama.

Desemba 2024 nilipimwa presha kwenye kituo cha afya, ikasoma 152 kwa 96. Muuguzi alinieleza kwamba kuanzia 140 kwa 90, ikipimwa zaidi ya mara moja kwa siku tofauti, hiyo huhesabiwa kuwa presha ya kupanda. Nikarudi siku nyingine, namba haikubadilika sana. Daktari akaniandikia vidonge, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Kwa siku unatembea kiasi gani, mzee?"

Nilijaribu kuhesabu. Kutoka kitandani hadi dukani, kutoka dukani hadi kwenye gari. Nikaona aibu kutaja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito kama kukimbia. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kwa anayeweza kusubiri lori la mchele saa sita, hizo si nyingi.

Mama akauliza swali

Asubuhi ya kwanza nilitoka nyumbani kwa kishindo. Nilikimbia kuelekea uwanja wa mpira wa Nyamirambo, ule ambao tangu 2023 unaitwa Kigali Pelé. Sikufika. Hata dakika tatu hazikutimia nikashika mti, moyo unapiga kama ngoma, mate yana ladha ya chuma. Kijana wa moto akapunguza mwendo akaniuliza kama nataka anipeleke hospitali.

Niliporudi, mama yangu alikuwa amekaa kibarazani. Amevuka miaka 70 sasa. Akanitazama nilivyolowa jasho, akauliza:

"Unakimbia nini, mwanangu?"

"Nafanya mazoezi, mama. Daktari amesema."

Akatikisa kichwa. "Mimi nilikwisha kukimbia kwa niaba yenu wote."

Hakuwa anatania. Mama alitoka Kibungo akiwa msichana wa miaka minane, katika misukosuko iliyoanza mwaka 1959. Aliuvuka mto Akagera kwa mtumbwi, usiku, ameshikwa mkono na shangazi yake. Aliolewa Ngara, akatuzaa Ngara, na tulirudi Rwanda mwaka 1995 nikiwa na miaka 18. Kwake yeye mtu mzima akionekana anakimbia barabarani, kuna jambo limetokea, na la busara ni kukusanya watoto.

Mkimbizi na mkimbiaji

Kiswahili chetu kina maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja. Mkimbizi ni yule aliyefukuzwa na vita, njaa au chuki. Mkimbiaji ni yule anayeshiriki mbio. Tofauti ni silabi chache tu, lakini katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu, wengi tumelijua la kwanza kabla ya la pili.

Kila nyumba ya mtaa wetu ina mbio zake. Wapo wa 1959. Yupo jirani Mrundi wa 1972, aliyekulia kambi ya Ulyankulu mkoani Tabora. Wapo waliotoka Burundi 1993, na wapo waliorudi kwa miguu kutoka Kongo mwezi Novemba 1996. Mimi mwenyewe nilikuwa kijana wa miaka 17 huko Ngara tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Rwanda ikiwa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na vita, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walipovuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Nilisimama kando ya barabara. Sikuwahi, wala sijapata tena, kuona watu wengi kiasi kile wakiwa kimya. Katika siku chache Benaco, mahali palipokuwa pori, pakawa mji wa maturubai.

Ndiyo maana kukimbia kwa hiari bado kunatazamwa kwa jicho la pembeni kwetu. Mwaka 2014 serikali ya Burundi ilizuia mbio za makundi katika mitaa ya Bujumbura, ikaelekeza zifanyike kwenye viwanja vilivyotengwa, kwa hofu kwamba zilikuwa zinatumika kwa mambo ya siasa. Mtu anayekimbia, au watu wanaokimbia pamoja, huulizwa sababu.

Lakini wapo walioyaunganisha maneno haya mawili. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 ilishiriki kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi, wanamichezo kumi. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma nchini Kenya na kufundishwa chini ya Tegla Loroupe, yule Mkenya aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake. Wawili walikuwa wacheza judo kutoka Kongo. Aliyebeba bendera, Rose Nathike Lokonyen, alikuwa mkimbizi wa Kakuma.

"Nani anakufukuza?"

Siku ya pili ya mbio zangu nilikuwa nimeshika mti ule ule. Akapita yule jirani Mrundi, mwalimu mstaafu wa michezo, anatembea na fimbo yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani anakufukuza, bwana mdogo?"

"Hakuna, mwalimu."

"Basi kwa nini unakimbia kama unafukuzwa?"

Akanieleza pale pale, na hilo ndilo jambo dogo nililolitaja mwanzoni. Alisema amefundisha watoto miaka mingi, na watu wazima wanaoanza wote hufanya kosa moja: hutoka kwa kasi ya mtu anayeokoa roho yake. Mwili hautofautishi. Ukiukimbiza namna hiyo hukupa kila ulichonacho kwa dakika mbili, kisha unaishiwa. Mtu hurudi nyumbani akiamini hana mapafu, kumbe alichokosa ni subira.

"Kimbia polepole kiasi kwamba unaona haya," aliniambia. "Mtoto wa shule akikupita, mwache apite. Kuku akikupita, mwache."

Kipimo chake ni rahisi, na ndicho kinachotumiwa na wataalamu pia: unapokimbia uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Mimi nilitumia bei za dukani. Nilikuwa najisemea: "Mchele wa Kahama daraja la kwanza gunia moja ni kiasi fulani, dagaa wa Mwanza kilo ni kiasi fulani." Nikishindwa kufika mwisho wa sentensi, napunguza. Nikiweza kuimba, naongeza kidogo. Mwendo niliobaki nao ulikuwa umezidi kutembea kwa kitu kidogo tu. Nikaona haya kama alivyosema. Lakini siku hiyo nilirudi nyumbani bila kushika mti.

Sababu yake ni hii. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya ndani ya wiki chache. Mifupa, kano na viungo huchukua miezi. Anayeanza kwa kasi hupata pumzi upesi, akajiona shujaa, akaongeza, kisha goti au muundi wa mguu ukamsimamisha. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mpango wa wiki tisa

Mwaka 1996 Mmarekani mmoja, Josh Clark, alitunga mpango wa wanaoanza akimfikiria mama yake, aliyekuwa na zaidi ya miaka 50. Mpango huo umesambaa dunia nzima na ndio nilioufuata. Hauhitaji chochote zaidi ya saa ya mkononi au simu. Ni siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku unapumzika angalau siku moja. Kila mara unaanza kwa kutembea haraka dakika tano ili mwili upate joto.

Wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20. Wiki ya pili unakimbia sekunde 90 na kutembea dakika mbili. Wiki ya tatu unafikia kukimbia dakika tatu bila kusimama, na ya nne dakika tano. Mwishoni mwa wiki ya tano unaambiwa ukimbie dakika 20 mfululizo. Hiyo ndiyo siku inayoogopesha kuliko zote, na ndiyo siku ambayo mtu hugundua kwamba amebadilika. Wiki ya saba ni dakika 25, ya nane 28, na ya tisa dakika 30.

Wale wanaokwenda kwa mwendo wa wastani hufikia kilomita tano katika dakika hizo 30. Mimi nilifikia tatu na nusu. Haidhuru. Moyo unahesabu dakika, hauna habari na kilomita.

Mambo matatu nayaongeza kwa wakazi wa huku kwetu. Kwanza, vilima. Kigali haina pa kukimbia bila kupanda. Mwenye kuanza atembee mpando na akimbie tambarare, na kwenye mteremko apunguze, maana mteremko ndio unaoumiza magoti. Ukiweza, tafuta pa tambarare: huko Rubavu ipo barabara ya kando ya ziwa Kivu, na hapa Kigali ipo bustani ya Nyandungu iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye njia za miguu, ingawa huingii bila tiketi.

Pili, hewa. Kigali iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Aliyerudi kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Maskati atahema zaidi kuliko alivyozoea, naye asidhani anaumwa. Ajipe wiki mbili tatu.

Tatu, Ramadhani. Miaka hii inaangukia kati ya Februari na Machi, yaani katikati ya mpango wa aliyeanza Januari. Majirani zangu Waislamu wengine hukimbia kidogo muda mfupi kabla ya kufuturu, wengine baada ya tarawehe. Mwezi huo hawaongezi dakika, wanashikilia pale walipofika. Hiyo inatosha.

Raba za caguwa

Watu huahirisha wakisema hawana viatu vya mbio. Ni kweli kwamba tangu Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, nguo zikatoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo, caguwa si rahisi tena kama zamani. Hata hivyo raba nzuri bado zinapatikana, hapa na ng'ambo ya mpaka, na wafanyabiashara wa Rusumo na Gatuna mnajua pa kuzitafuta kuliko mimi.

Ukichagua, usiangalie rangi wala jina la kampuni. Igeuze uone soli: ikiwa imelika upande mmoja wa kisigino, iache, mwenye nayo wa kwanza ameshaimaliza. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama tofali, imezeeka hata kama juu inang'aa. Ikunje: inatakiwa kukunjika penye vidole, si katikati. Jaribu jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana kutwa, na mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Usinunue ya kukubana kwa matumaini kwamba itapanuka.

Kwa kina mama, pesa ya kwanza baada ya viatu iende kwenye sidiria imara ya michezo. Wengi huacha mbio kwa maumivu ambayo wanaona haya kuyasema. Mavazi mengine ni hiari yako. Nawaona kina mama wa Biryogo wakikimbia na hijabu na gauni refu lenye suruali ndani, na wananipita.

Mpaka una sheria zake

Kwa wasafiri wa mpakani kuna tahadhari ambazo mipango ya Wazungu haizitaji. Mkimbiaji wa barabarani hukimbia upande unaomwezesha kuyaona magari yanayomjia usoni. Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita kulia, hivyo wewe kimbia kushoto. Ukivuka kuingia Tanzania au Uganda magari hupita kushoto, hivyo hamia kulia. Nimesahau hilo mara moja nikiwa Kahama, nikasikia upepo wa lori kwenye kiwiko. Sitasahau tena.

Saa nazo zinatofautiana. Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja, lakini jua ni lile lile. Hapa Kigali saa 12 asubuhi kunapambazuka. Ngara saa yao ikisema 12, bado ni giza. Usikimbie gizani mahali usipopajua. Na usikimbie kabisa karibu na mstari wa mpaka, kwenye vichochoro vya kando ya mto au nyuma ya majengo ya forodha. Askari akimwona mtu anakimbia huko alfajiri hatafikiria mambo ya presha. Beba kitambulisho siku zote, na fulana yako iwe ya rangi inayoonekana.

Kwa Kigali, siku nzuri kuliko zote ni Jumapili za barabara bila magari. Utaratibu huo ulianza mwaka 2016, na ndipo nilipoona familia nzima, baba, mama na watoto, zikikimbia katikati ya lami bila mtu kuuliza kulikoni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi usipange kukimbia asubuhi. Ni ya umuganda, na jembe nalo ni mazoezi.

Usidharau maumivu

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, au mjamzito, amwone daktari kabla ya kuanza. Mimi nilipewa ruhusa kwa sharti la kuanza taratibu na kuendelea na vidonge. Usiache dawa kwa sababu umeanza kukimbia; hilo ni la daktari kuamua, si lako.

Misuli ya mapaja kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu ya mahali pamoja, yanayochoma, yanayoongezeka kila hatua, si kawaida. Muundi wa mguu ukiuma ukiubonyeza, pumzika hadi uache. Ukisikia kifua kubana, kizunguzungu, maumivu yanayopanda shingoni au kwenye mkono, simama hapo hapo utafute msaada. Hakuna azimio la mwaka mpya linalostahili kufa kwa ajili yake.

Wiki ya nne ilinishinda

Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka. Wiki ya nne nilisafiri. Gari lilikwama, mzigo ukacheleweshwa, nikakaa siku tisa bila kukimbia hata hatua moja. Niliporudi nilijiambia yale niliyojiambia 2023: basi, imeshaharibika, nitaanza mwaka ujao.

Mwalimu alinikuta dukani. Nikamweleza. Akaniuliza kama mzigo ukiharibika njiani huwa nafunga duka. Nikasema hapana, napiga hesabu ya hasara, naendelea na uliobaki. Akasema: "Basi rudi wiki moja nyuma, uendelee na uliobaki."

Ndivyo nilivyofanya, na ndivyo ninavyomshauri kila mtu anayeishi kwa safari. Ukikosa siku chache, endelea pale ulipoachia. Ukikosa wiki au zaidi, rudi wiki moja nyuma. Mpango wa wiki tisa mimi niliumaliza kwa wiki 13. Hakuna aliyenidai riba.

Siku hiyo mwalimu alinikumbusha habari za Vénuste Niyongabo. Mwaka 1996, Michezo ya Atlanta, Burundi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Niyongabo alikuwa mzoefu wa mita 1,500, lakini alimwachia nafasi hiyo mwenzake mkubwa, Dieudonné Kwizera, aliyekuwa ameikosa Olimpiki kwa miaka mingi kwa kuwa nchi yao haikuwa na kamati ya Olimpiki. Yeye akaingia mita 5,000, mbio alizokuwa mgeni nazo, akachukua dhahabu. "Aliingia akiwa mwanafunzi," mwalimu alisema, "akatoka bingwa."

Nami nilipoona Alphonce Simbu wa Tanzania akitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, Septemba 2025, nilikumbuka maneno hayo. Baada ya kilomita 42 alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu ndogo ya sekunde. Wote waliandikiwa saa 2:09:48. Na huyo Petros alizaliwa Eritrea, akaingia Ujerumani akiwa kijana mkimbizi. Yale maneno mawili ya tumbo moja yalikuwa yamekutana tena utepeni.

Kwenda na kurudi

Kigali ina mbio zake za kimataifa za amani, zilizoanza mwaka 2005, na ndani yake yapo mashindano ya kilomita 10 ya watu wa kawaida. Mwaka 2025 niliingia hayo. Nilitembea vipande viwili vya mlima, nikamaliza kwa saa moja na dakika 26. Nyuma yangu walibaki wachache. Mbele yangu walikuwepo watu wa nchi nyingi, na lugha niliyoisikia zaidi pale mwishoni tukigawana maji ilikuwa hii hii tunayoandikia.

Presha yangu nilipoipima mara ya mwisho ilisoma 134 kwa 86. Vidonge bado nameza, chumvi nimepunguza, na kilo sita zimeondoka. Siwezi kusema ni mbio peke yake. Naweza kusema kwamba sasa daktari akiniuliza natembea kiasi gani, najibu.

Mama alichukua muda. Miezi ya mwanzo kila niliporudi alikuwa amesimama mlangoni, hakai, kana kwamba anasubiri habari. Siku moja ya Aprili nilimkuta amekaa, anamenya viazi. Hakuuliza unakimbia nini. Alisema tu: "Umerudi?" Nikajibu nimerudi. Akaendelea na viazi vyake. Jumapili moja isiyo na magari alitoka nami hadi kona ya kwanza, akitembea taratibu, kanga mabegani, akawasalimia majirani wote kama siku ya harusi.

Basi msomaji, Januari ikifika usianze kwa kishindo. Tembea dakika tano, kimbia sekunde 60, tembea tena. Waache vijana wakupite. Na akitokea mtu akakuuliza unakimbia nini, mwambie hukimbii kitu chochote. Unakwenda hadi kwenye kona ile, halafu unarudi nyumbani.